Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bomu la nyuklia na kuzuiana kwa hofu

Kila vita vinapomhusu mkubwa mwenye nyuklia, maswali hurudi yale yale. Mbona hawazitumii? Mbona hawaziharibu? Kwa nini huyu aruhusiwe na yule akatazwe? Majibu yaliyo hapa chini hayalingani urefu. Mengine yanaisha kwa sentensi chache, mengine hayaeleweki bila kisa kizima.

Kuzuiana kwa nyuklia maana yake nini hasa?

Ni kumfanya adui asithubutu kukushambulia kwa sababu anaamini malipo yatakuwa mabaya kuliko chochote atakachopata. Mpaka wako unalindwa na hesabu anayoifanya mwenzako kichwani kabla hajanyanyua mkono.

Wakulima wa Sagalla, kule Taita Taveta, wanaijua hesabu hiyo bila kuisomea. Mashamba yao yako jirani na tembo wa Tsavo, na baadhi yao wameyazungushia uzio wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na nyuki wanajua pa kuuma: kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Aliyewahi kuonja hayo, akisikia mvumo tu anageuza njia. Ila si kila mzinga kwenye uzio ule una nyuki. Kati ya mizinga halisi hutundikwa ya bandia, mbao tupu, nayo inasaidia kumzuia tembo maadamu hajui upi ni upi.

Basi na bomu ni hivyo hivyo. Kinachomzuia adui ni kile anachokiamini. Silaha hizi zimewekwa ili zisitumike, lakini siku adui akiwa na hakika kwamba mwenyewe hatazitumia kamwe, zinageuka mbao tupu. Kwa hiyo kila serikali yenye bomu inalazimika kusema mambo mawili kwa wakati mmoja: sisi ni watu wenye akili timamu, na tuko tayari kufanya jambo la kichaa. Hakuna aliyewahi kuuondoa mgongano huo. Wanaishi nao tu.

Hilo si sawa na ulinzi wa kawaida?

Hapana. Ulinzi wa kawaida ni ngao: kombora likija unalitungua. Kuzuiana kunataka uache kifua wazi. Mwaka 1972 Marekani na Umoja wa Kisovieti walitia saini mkataba wa kuwekea mipaka mitambo ya kutungua makombora, kwa hoja kwamba mwenye ngao kamili anaweza kushawishika kupiga kwanza, kwani hana cha kuogopa. Marekani ilijitoa mwaka 2002. Tangu hapo, kila Washington inapotangaza ngao mpya, Moscow na Beijing hulalamika. Malalamiko hayo yana siasa ndani yake, lakini mantiki yake si ya uongo.

Nani wanazo, na ngapi?

Nchi tisa. Kwa makadirio ya mwanzoni mwa 2025 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia, yaani mabomu yenyewe, zaidi ya 12,000, na karibu asilimia 90 viko Urusi na Marekani. China ilikuwa imefikia kama 600 na ndiyo inayoongeza kwa kasi kuliko wengine. Ufaransa ina kama 290, Uingereza 225, India na Pakistan kati ya 170 na 180 kila moja, Korea Kaskazini kama 50. Israel hukadiriwa kuwa na 90 hivi, ingawa haijawahi kukiri wala kukana. Na haya ni mapunguo: katikati ya miaka ya 1980 vichwa hivyo vilizidi 60,000.

Bomu moja lina nguvu kiasi gani?

La Hiroshima, lililoangushwa Agosti 6, 1945, lilikuwa na nguvu ya takriban tani 15,000 za baruti ya TNT. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa katika mji huo mmoja. Baadhi ya vichwa vinavyobebwa leo na nyambizi za Marekani vina nguvu zaidi ya tani 400,000, na kombora moja hubeba vichwa kadhaa. Kubwa kuliko yote lililowahi kulipuliwa ni la Wasovieti, Oktoba 30, 1961, kule Novaya Zemlya: tani milioni 50. Halikuwa na kazi yoyote vitani, lilikuwa zito mno kwa ndege ya kawaida. Lilikuwa onyesho, na onyesho katika biashara hii ni sehemu ya silaha.

Ni kweli urani ya bomu la kwanza ilitoka Congo?

Kweli, na ilitoka Katanga, mahali ambapo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na mgodini. Mgodi wenyewe unaitwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na wakati huo ulikuwa mali ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Marekani na Canada, mawe yenye theluthi moja ya asilimia moja ya urani yalihesabiwa kuwa mazuri. Ya Shinkolobwe yalifika asilimia 65. Hakuna mgodi mwingine uliojulikana wakati ule uliokaribia hapo.

Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, aliogopa madini hayo yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1940 akaagiza zaidi ya tani 1,000 zisafirishwe kwa meli hadi New York, zikawekwa ghalani Staten Island ndani ya mapipa ya chuma. Zikakaa humo zaidi ya mwaka mzima bila mtu kuzijali. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikwenda ofisini kwa Sengier kuuliza jinsi ya kupata urani ya Congo, akitarajia mazungumzo marefu. Akaambiwa shehena iko mjini hapo hapo. Makubaliano yakaandikwa siku hiyo kwenye karatasi ya kawaida.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu ilitoka kwenye mgodi huo. Baada ya vita Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Wachimbaji wa Kikongo, waliokuwa wakiyashika mawe yale kwa mikono, hawakupewa kinga wala maelezo. Uhusiano wa kisa hiki na kuzuiana ni huu: kwa miaka minne, hadi Wasovieti walipolipua lao Agosti 29, 1949, Marekani peke yake ilikuwa na bomu, na mojawapo ya mbinu za kuongeza muda huo ilikuwa kuhodhi urani ya Shinkolobwe. Kabla ya kutishana kwa vichwa, watu walinyang'anyana mawe.

Kwa nini nyambizi zinatajwa kila mara?

Kwa sababu kila anayetegemea kuzuiana lazima ajibu swali hili: nikipigwa kwanza, nitabakiwa na cha kulipizia? Makombora yaliyo mashimoni hayahami, na setilaiti zinajua yaliko. Ndege ziko viwanjani. Nyambizi iliyotulia chini ya bahari hakuna anayejua iliko, hata wengi wa waliomo ndani yake.

Uingereza haijawahi kukosa nyambizi ya nyuklia baharini tangu 1969. Zipo nne, makao yake ni Faslane, Scotland, na wakati wote angalau moja iko doria. Waziri mkuu mpya anapoingia madarakani, mojawapo ya kazi zake za mwanzo ni kuandika barua nne kwa mkono wake, moja kwa kila nahodha. Barua inafungiwa ndani ya sefu iliyo ndani ya sefu nyingine. Inaeleza la kufanya iwapo London imeteketea na serikali haipo tena: lipiza, usilipize, amua mwenyewe, au jiweke chini ya amri ya nchi rafiki. Waziri mkuu akiondoka madarakani, barua zake zinaharibiwa bila kufunguliwa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wako waliowahi kuandika "usilipize". Adui hajui. Tumerudi kwenye mizinga ya Sagalla.

Kitufe chekundu kiko wapi?

Hakuna kitufe. Rais wa Marekani hufuatwa popote na ofisa aliyebeba begi lenye mipango na vifaa vya mawasiliano, na rais mwenyewe hukaa na kadi yenye namba za kumtambulisha. Akitoa amri, hakuna sheria inayomtaka apate kibali cha waziri, bunge wala mahakama. Kombora kutoka Urusi hadi Marekani huchukua kama nusu saa. Likirushwa na nyambizi iliyo karibu na pwani, muda ni mfupi zaidi. Ukitoa dakika za kuthibitisha na za kumwamsha, mtu mmoja anaachiwa dakika chache za kuamua jambo ambalo halina marekebisho.

Je, bomu limeleta amani?

Hili ndilo swali linalogawa watu, na pande zote mbili zina la kusema.

Wanaotetea bomu husema: angalieni Ulaya. Vita viwili vikuu ndani ya miaka 31, kisha tangu 1945 wakubwa hawajapigana tena vita kamili ana kwa ana. Wahenga walisema amani haiji ila kwa ncha ya upanga, na upanga huu ni mkali kuliko yote. Si hoja ya kupuuza.

Tatizo lake ni kwamba unathibitisha jambo kwa kutotokea kwake. Mtu anayefunga hirizi mlangoni anaweza kuapa kuwa ndiyo iliyomfukuza mwizi, na huna la kumwambia. Labda wakubwa hawakupigana kwa sababu ya bomu. Labda walichoka, labda biashara iliwaunganisha, labda kumbukumbu ya watu milioni 60 waliokufa katika Vita vya Pili ilitosha.

Halafu kuna waliothubutu. Oktoba 1973 Misri na Syria waliyashambulia majeshi ya Israel, wakati Israel tayari ilidhaniwa kuwa na bomu. Aprili 1982 Argentina iliteka visiwa vya Falklands, mali ya Uingereza. Majenerali wa Buenos Aires hawakuwa wajinga. Walijua London haitateketeza mji kwa ajili ya visiwa vya kondoo. Bomu ni kubwa mno kwa ugomvi mdogo. Hata wenye bomu wenyewe kwa wenyewe wamewahi kumwaga damu: mwaka 1969 Wachina na Wasovieti walipigana kwenye mpaka wa mto Ussuri.

Na vita havikwisha, vilihama. Korea, Vietnam, Angola, Afghanistan: wakubwa walioogopa kurukiana shingoni walipimana nguvu kwenye ardhi za wengine. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii tembo hawakugusana hata mkonga. Kwa maoni yangu kuzuiana kumefanya kazi kwa wakubwa, na gharama yake imelipwa na watu ambao hawakuwa na kura katika jambo hilo.

Mwaka 1962 tulifika karibu na vita vya nyuklia kiasi gani?

Karibu kuliko Rais Kennedy wa Marekani na Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, walivyojua wenyewe wakati ule.

Kisa kinafahamika kwa jumla: katikati ya Oktoba ndege ya upelelezi ya Marekani ilipiga picha za makombora ya Kisovieti yakisimikwa Cuba, Kennedy akaizingira Cuba kwa meli za kivita, dunia ikashika pumzi. Jumamosi ya Oktoba 27 ndiyo iliyokuwa mbaya. Asubuhi ile ndege nyingine ya upelelezi, aina ya U-2, ilitunguliwa juu ya Cuba, rubani Rudolf Anderson akafa. Washauri kadhaa wa Kennedy walitaka kulipiza.

Jioni, mbali na kamera zote, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa imebanwa chini ya maji na manowari za Marekani. Betri zilikuwa zinaisha. Mitambo ya kupoza hewa ilikuwa imekufa, joto katika baadhi ya vyumba limepita nyuzi 45, mabaharia wanazimia mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa na mawasiliano na Moscow. Juu yao Wamarekani walikuwa wakidondosha vilipuzi vidogo vya mazoezi, ishara ya kuwataka waibuke. Washington ilikuwa imeipelekea Moscow maelezo ya ishara hiyo, nyambizini hayakufika. Ukiwa ndani ya pipa la chuma, kila mlipuko ni mlipuko.

Wamarekani hawakujua kwamba B-59 ilikuwa na torpedo moja yenye kichwa cha nyuklia. Kwa simulizi za waliokuwamo, nahodha Valentin Savitsky aliona vita vimeshaanza huko juu, akaamuru torpedo hiyo iandaliwe. Aliyemtuliza ni Vasili Arkhipov, mnadhimu mkuu wa kikosi kizima cha nyambizi zile, ambaye aliwekwa kwenye nyambizi hiyo badala ya nyingine tatu zilizokuwa katika safari moja nayo. B-59 ikaibuka, ikageuza, ikarudi kwao.

Siku iliyofuata Khrushchev akakubali kuyaondoa makombora. Kennedy akaahidi kutoivamia Cuba, na kwa siri akakubali kuondoa makombora yake yaliyokuwa Uturuki. Mwaka uliofuata miji mikuu hiyo miwili iliunganishwa kwa laini ya dharura, ambayo watu wengi hudhani ilikuwa simu nyekundu. Ilikuwa mashine ya kuchapa maandishi.

Mitambo yenyewe haiwezi kukosea?

Imekosea, na zaidi ya mara moja. Novemba 9, 1979, kompyuta za ulinzi wa anga za Marekani zilionyesha shambulio kubwa la Wasovieti. Ilikuja kugundulika kwamba data za mazoezi zilikuwa zimeingia kwenye mfumo halisi. Januari 25, 1995, roketi ya utafiti iliyorushwa kutoka Norway ilionekana kwenye rada za Urusi kama kombora la nyambizi, na begi la nyuklia likafunguliwa mbele ya Rais Yeltsin. Wanorwei walikuwa wametoa taarifa mapema. Haikuwafikia watu wa rada.

Cha 1983 ndicho kinachosimuliwa zaidi. Usiku wa Septemba 26, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu kwenye kituo cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow. Wiki tatu nyuma jeshi la nchi yake lilikuwa limeitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, na hali ilikuwa ya wasiwasi mtupu. King'ora kikalia: kombora moja kutoka Marekani. Kisha la pili, hadi yakawa matano. Mfumo ulisema hauna shaka.

Petrov akawaza kama mtu, na si kama mashine. Nani anayeanza vita vya kuimaliza dunia kwa makombora matano? Tena rada za ardhini hazikuwa zimeona kitu. Akaripoti kuwa ni hitilafu, kisha akakaa akisubiri, maana kama amekosea angejua baada ya robo saa. Ilikuwa miale ya jua iliyoakisiwa na mawingu ikaidanganya setilaiti. Baadaye wakubwa zake walimkemea kwa kutoandika matukio kwenye daftari la zamu.

India na Pakistan wana bomu. Mbona bado wanapigana?

Mei 1998 nchi zote mbili zililipua mabomu ya majaribio wakipishana wiki mbili tu. Mwaka uliofuata wakapigana Kargil, juu milimani. Februari 2019 ndege zao zilivuka mpaka na kushambuliana. Mei 2025 walirushiana makombora na droni kwa siku nne. Wataalamu wana maelezo: kila upande unapojua kwamba mwenzake hatathubutu kupanda hadi ngazi ya juu kabisa, ngazi za chini zinakuwa salama kuchezea. Yaani bomu linazuia vita vikubwa na papo hapo linafungua mlango wa vidogo.

Hatari iko kwenye ngazi zenyewe. India imetangaza kwamba haitakuwa ya kwanza kutumia nyuklia. Pakistan, yenye jeshi dogo la kawaida, imekataa kutoa ahadi hiyo. Kila upande unajua ngazi yake ya mwisho iko wapi, lakini ya mwenzake inaikisia, na kombora kati ya nchi hizo ni suala la dakika.

Ukraine ingebaki na silaha zake, ingevamiwa?

Hili huulizwa kwa hasira, na naelewa kwa nini. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Ukraine ilijikuta na vichwa vya masafa marefu kama 1,900, hazina ya tatu kwa ukubwa duniani. Desemba 5, 1994, mjini Budapest, ilikubali kuviachia, na Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea. Februari 24, 2022 ikaivamia nchi nzima.

Lakini jibu si rahisi kama linavyosikika. Vichwa vilikuwa Ukraine, amri za kuvirusha zilikuwa Moscow. Kyiv ingehitaji miaka na fedha nyingi kuvifanya viwe vyake kweli, na wakati ule nchi haikuwa na fedha hata za mishahara, huku Marekani na Urusi zote zikiibana. Ahadi ya Budapest nayo haikuwa mkataba wa kuja kupigana pamoja.

Hata hivyo somo ambalo serikali nyingine zimelichukua ni jepesi zaidi kuliko historia yenyewe. Gaddafi wa Libya aliachana na mpango wake wa nyuklia Desemba 2003, na Oktoba 2011 aliuawa. Korea Kaskazini ilijitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizi mwaka 2003, ikafanya jaribio la kwanza Oktoba 2006, na hakuna aliyeivamia. Pyongyang husema wazi kwamba imeiangalia Libya. Juni 2025 vituo vya urutubishaji urani vya Iran, ambayo haikuwa na bomu, vilishambuliwa na Israel na Marekani. Ukiwa kiongozi mwenye maadui wakubwa, hizo ni habari unazozisoma mara mbili.

Kuna aliyewahi kutengeneza bomu kisha akaliacha?

Mmoja tu: Afrika Kusini. Utawala wa makaburu ulitengeneza mabomu sita kamili. Mpango wao ulikuwa wa ajabu kidogo: hawakukusudia kumpiga mtu, walitaka hali ikiwa mbaya walifichue bomu ili Marekani na wenzake walazimike kuja kuwaokoa. Ni kuzuiana kwa kumtisha rafiki. Machi 24, 1993, Rais F. W. de Klerk alilitangazia bunge kwamba mabomu yameshafumuliwa. Wanajeshi wa Cuba walikuwa wameondoka Angola, Namibia imepata uhuru, vita vya mpakani vimekwisha. Wapo pia wanaosema, na mimi ni mmoja wao, kwamba hawakutaka kumwachia Mandela funguo za ghala lile.

"Mwavuli wa nyuklia" ni nini?

Ni ahadi ya mwenye bomu kumlinda asiye nalo. Japani, Korea Kusini na wanachama wengi wa NATO wako chini ya mwavuli wa Marekani, na mabomu yake kadhaa yamewekwa Ulaya. Shaka yake ni ya tangu zamani: rais wa Marekani atakubali kuipoteza New York ili aiokoe Berlin au Seoul? Ufaransa iliona hatakubali, ikajitengenezea bomu lake.

Afrika inasimama wapi?

Bomu hilo la Ufaransa lililipuliwa kwa mara ya kwanza Februari 13, 1960, Reggane, katika jangwa la Sahara, ardhi ya Algeria. Ghana ya Nkrumah ilijibu kwa kuzuia mali za Wafaransa. Walifanya majaribio 17 nchini humo, na mengi kati yake yalifanyika baada ya uhuru wa Algeria.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliungana na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina kuwataka wenye bomu wasimamishe majaribio na utengenezaji. Wakubwa hawakuwasikiliza sana. Lakini Afrika ilifanya la kwake: Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo Aprili 11, 1996, unalifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulipewa jina la kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini. Ulihitaji nchi 28 kuuridhia ili uanze kufanya kazi, na ya 28, Julai 15, 2009, ilikuwa Burundi.

Kwa nini watano waruhusiwe na wengine wakatazwe?

Kwa sababu ya tarehe. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kazi Machi 5, 1970, unawatambua waliolipua bomu kabla ya Januari 1, 1967: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Waliobaki waliahidi kutotengeneza, na wale watano wakaahidi kufanya mazungumzo ya dhati ya kuziondoa. India, Pakistan na Israel hazikutia saini kamwe. Ahadi ya wale watano ina zaidi ya nusu karne sasa, na asiyeona ubaguzi hapo anajifanya haoni. Mwaka 2017 nchi nyingi zisizo na bomu zilipitisha mkataba wa kulipiga marufuku kabisa, ukaanza kazi Januari 2021. Hakuna hata mmoja kati ya wale tisa aliyejiunga.

Bado kuna mkataba unaowabana Marekani na Urusi?

Wa mwisho uliokuwa ukiwawekea idadi, vichwa 1,550 kila upande vilivyo tayari kurushwa, ulisainiwa Prague mwaka 2010. Urusi ilisimamisha ushiriki wake Februari 2023, na muda wa mkataba ukaisha Februari 5, 2026. Hasara kubwa kwangu si idadi. Ni wakaguzi. Kwa miaka mingi maofisa wa pande hizi mbili walikuwa wakitembeleana na kuhesabu vichwa kwa macho, na kuzuiana, kama tulivyoona, huharibika pale kila mmoja anapobaki kukisia.

Mtu akilipua bomu la majaribio kwa siri, tutajua?

Karibu kwa hakika. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote, wa mwaka 1996, haujaanza kazi kisheria kwa sababu baadhi ya nchi zinazotakiwa hazijauridhia, na Urusi iliondoa ridhaa yake mwaka 2023. Lakini masikio yake yameshatandazwa duniani kote: vituo vya mitetemo ya ardhi, vya sauti za baharini, vya chembechembe za mionzi hewani. Vilinasa majaribio yote sita ya Korea Kaskazini.

Vituo viwili viko Kenya. Kimoja, cha mitetemo ya ardhi, kiko Kilimambogo, karibu na Thika. Kingine kiko Nairobi na kinasikiliza hewa yenyewe: mvumo wa chini mno usiosikika kwa sikio la binadamu, unaosafiri maelfu ya kilomita baada ya mlipuko mkubwa. Tembo nao huitana kwa sauti za chini namna hiyo.